Starehe ya Nyumbani

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, ukizisikia kwa mara ya kwanza, utadhani kuwa zinapingana. Ya kwanza yasema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Ya pili yasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali ya kwanza yamsifu mtu atokaye, hata kama hana shughuli, miguu yake yaweza kumfikisha penye jambo la faida. Ya pili yamkumbusha baharia, na sisi sote pamoja naye, ya kuwa mtu akienda nyuma na mbele ya chombo, mwisho hurudi pale pale katikati, mahali pake pa kukaa. Baina ya methali hizi mbili ndipo lilipo jambo ninalotaka tulitafakari pamoja, mwanafunzi, yaani uamuzi wa mtu kukaa nyumbani ajifurahishe badala ya kutoka kwenda kuitafuta furaha nje.

Huenda ukaniambia kwamba jambo hili halina historia. Utasema kuwa tangu zamani watu wamekuwa wakikaa au wakitoka, kila mmoja kwa kadiri apendavyo. Lakini je, ndivyo ilivyokuwa? Ili mtu achague kukaa, ni lazima pawe na mahali pa kwenda. Ni lazima awe na ruhusa ya kwenda. Tena ni lazima nyumbani nako pawe na kitu cha kumfurahisha. Mambo haya matatu hayakupatikana kwa watu wote, wala hayakupatikana kwa wakati mmoja. Fuatana nami basi, tuyaangalie yalivyotokea katika nchi yetu na katika visiwa vilivyo jirani na pwani yake. Mwishoni utapima mwenyewe kama wewe wa leo una starehe zaidi kuliko waliokutangulia, au una vyombo vingi zaidi tu.

Tuanze na moto wa jioni. Kabla ya kuja kwa taa za mafuta na za umeme, usiku katika sehemu nyingi za bara ulikuwa usiku kweli kweli. Wanyama wakali walipita njiani, maboma yalifungwa, na mtu mwenye akili hakutembea ovyo. Ngoma za mbalamwezi zilikuwapo, na vijana walizingoja kwa hamu. Lakini siku nyingi za mwaka watu walikaa makwao usiku. Hapo ndipo zilipostawi hadithi na vitendawili. Miongoni mwa Waluo palikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe, nyumba ya bibi mzee, ambamo watoto walikusanyika usiku kusikiliza hadithi na kufundishwa habari za ukoo na mwenendo mwema. Miongoni mwa Wagikuyu watoto walisikiliza ngano katika nyumba ya mama, chakula kikiwa bado mekoni. Makabila mengi yalikataza hadithi kusimuliwa mchana, na mtoto aliyeuvunja mwiko huo alitishwa kwa onyo la kumtetemesha. Sababu yake si ngumu kuitambua. Mchana ulikuwa wa jembe na mifugo, na starehe ilipewa saa yake.

Angalia sasa jinsi starehe hiyo ilivyoendeshwa. Msimulizi wa pwani huanza kwa kusema, "Paukwa!" nao wasikilizaji humjibu, "Pakawa!" Mtega kitendawili huita, "Kitendawili!" wala haendelei mpaka aitikiwe, "Tega!" Wasikilizaji wakishindwa kukitegua, mtegaji hudai mji; nao humpa mji, naye huutembelea kwa maneno matamu kabla ya kulitoa jibu. Kwa hiyo katika nyumba ile hapakuwa na mtazamaji mtupu. Kila aliyekuwamo alikuwa na kazi ya kuitikia, kubuni, kukosoa na kucheka, na aliyenyamaza kabisa aliipunguza starehe ya wenzake. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyepata kuwa askofu baadaye, alikusanya hadithi za Unguja katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1870. Kitabu hicho kimetuhifadhia maneno mengi ya thamani. Lakini kitabu hakingeweza kuwahifadhi wale waliokuwa wakiitikia.

Miongoni mwa vitendawili vijulikanavyo sana kimo hiki: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu lake ni yai. Kiweke moyoni, maana tutakihitaji huko mbele.

Katika miji ya pwani nyumba yenyewe ilijengwa kwa namna ya kuyapatanisha mambo mawili, kukaa na kutoka. Ukienda Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, utaona mbele ya nyumba nyingi za mawe ukumbi mdogo uitwao daka, wenye viti vya mawe vilivyojengewa ukutani. Hapo mwenye nyumba hupokea wageni bila ya kuwaingiza ndani kwa watu wake. Kadhalika zipo baraza za nje, ambapo wazee huketi kunywa kahawa, kucheza bao na kupashana habari. Mtu aketiye barazani yuko kwake, lakini dunia yote inapita mbele ya macho yake. Hajatoka, wala hajajifungia. Ni werevu mkubwa wa waashi na wenyeji waliotutangulia.

Hata hivyo, usidhani kuwa nyumba ile ile ilikuwa na maana moja kwa wote waliokaa ndani yake. Mwanamume aliyeketi barazani aliweza kuinuka wakati wowote akaenda apendako. Mwanamke wa ukoo wenye cheo alitawishwa. Alikaa ndani kwa sababu desturi ilimtaka akae, na akitoka alitoka kwa kujisitiri na kwa ruhusa. Wanawake wa Mombasa hawakuipokea hali hiyo kwa kukunja mikono. Walikuwa na ngoma yao iitwayo lelemama, na vyama vyake vilikuwa na viongozi, vyeo na mashindano makali. Hata sinema zilipoenea, katika miji kama Mombasa na Unguja palikuwa na maonyesho yaliyotengwa kwa ajili ya wanawake peke yao, nao waliyahudhuria kwa wingi. Jifunze jambo moja hapa. Ukimwona mtu amekaa nyumbani, usiharakishe kusema kuwa amestarehe. Uliza kwanza kama angeweza kutoka.

Nako kutoka kulikuwa na gharama zake. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya ngoma iitwayo beni, ambayo wachezaji wake waliiga sare, vyeo na gwaride la askari wa Kizungu. Ngoma hiyo ilienea Tanganyika na sehemu za bara, na Vita Kuu ya kwanza, ya miaka ya 1914 hadi 1918, ikazidi kuieneza pamoja na askari na wapagazi. Vyama vya beni vilishindana kwa mavazi, kwa ala na kwa karamu, na mashindano hayo yalimeza fedha nyingi za watu wenye kipato kidogo. Waliotoka kucheza walipata heshima na urafiki, na katika mji wa ugenini urafiki huo uliwafaa wakati wa ugonjwa na msiba. Basi ngoma haikuwa upuuzi. Ilikuwa na bei yake.

Je, mtu aliyetaka kusikia muziki wa mafundi pasipo kutoka nyumbani alifanyaje? Jibu la zamani lilikuwa fupi: awe mfalme. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, husimuliwa kuwa alimpeleka Misri mtu wake, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni, ili muziki wa taarabu uchezwe katika jumba lake. Mfalme hakuufuata muziki. Muziki ulimfuata mfalme. Mkulima wa karafuu na mchukuzi wa bandarini hawakuwa na uwezo wa jambo hilo. Kama walitaka kusikia, waliinuka wakaenda penye ngoma.

Lakini Barghash akiwa bado yu kitini, mwaka 1877, Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kunasa sauti na kuirudisha. Miaka kumi baadaye Emile Berliner alibuni njia ya kuinasa sauti juu ya sahani bapa, ile ambayo Waswahili waliiita santuri. Sauti ya mwimbaji ikaweza kutengana na mwimbaji mwenyewe, ikasafiri melini, ikauzwa dukani kama kitambaa au sukari. Na hapa pwani yetu inao mfano ambao kila kijana anapaswa kuujua. Siti binti Saad alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, katika ukoo wa watu maskini waliopitia utumwa. Alitembeza vyungu vya kuuza kabla hajajulikana kwa sauti yake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay, katika Bara Hindi, wakaimba nyimbo za Kiswahili zikanaswa katika santuri. Santuri hizo zilivuka bahari kurudi huku, zikachezwa majumbani na mikahawani. Muziki uliokuwa fahari ya jumba la mfalme ukaingia katika chumba cha mtu wa kawaida, tena kwa sauti ya mwanamke aliyekuwa muuza vyungu. Shaaban Robert aliona kuwa maisha hayo yanastahili kitabu, akaandika wasifu wa Siti.

Usisahau kwamba gramafoni haikumilikiwa na kila mtu. Aliyekuwa nayo alitembelewa. Majirani walikuja, wakaketi, wakasikiliza, wakabishana juu ya maana ya maneno ya wimbo. Mashine moja iliwakusanya watu kama moto ulivyowakusanya zamani. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na mwenye gramafoni hakukosa wa kumponya.

Mwaka huo huo wa 1928, wakati Siti alipokwenda Bombay, matangazo ya redio yalianzishwa Nairobi. Wakati mmoja, mambo mawili. Lakini angalia tofauti yake. Santuri za Siti zilisema na watu wa pwani kwa lugha yao. Redio ya Nairobi ilisema Kiingereza, kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, ili mtu aliyekaa katika shamba lake la mbali asijione ametupwa mbali na Uingereza. Waafrika hawakufikiriwa sana mpaka vilipokuja Vita Kuu vya pili, vya miaka ya 1939 hadi 1945, ambapo serikali iliona haja ya kuwapasha habari watu ambao watoto wao walikuwa vitani. Baada ya vita vituo vikazidi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na katika miaka hiyo ya 1950 Mombasa nayo ikapata kituo chake, Sauti ya Mvita.

Tatizo lililobaki lilikuwa la chombo chenyewe. Redio za kwanza zilikuwa kubwa na ghali, nazo zilihitaji umeme ambao nyumba nyingi hazikuwa nao. Katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1949, mkuu wa idara ya habari, Harry Franklin, aliwashawishi watengenezaji wa betri wa Uingereza watengeneze redio ndogo ya betri kwa ajili ya msikilizaji wa Afrika. Bei yake ilikuwa pauni 5, nayo iliwekwa ndani ya umbo la sufuria, hata ikapewa jina la sufuria. Kitu kidogo zaidi kilikuwa tayari kimegunduliwa Marekani mwaka 1947, nacho ni transista. Na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista iliuzwa madukani huko. Kutoka hapo redio iliendelea kupungua ukubwa na bei, mpaka mchungaji akaitundika begani na mama akaiweka juu ya kabati ya jikoni.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, redio ndiyo iliyokuwa jamvi la taifa. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali likaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichouliza juu ya tabia za watu njiani, garini na majumbani, na kwa miaka mingi sana familia zilikisikiliza pamoja, huku kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole. Palikuwa pia na vipindi vya salamu, ambavyo wasikilizaji waliandika kadi zenye majina ya jamaa na marafiki zao, nao mtangazaji akayasoma. Usivicheke vipindi hivyo. Mtu aliyekaa kijijini aliweza kuitika, na kuitika kwake kukasikika nchi nzima. Ile "Tega!" ya mekoni ilikuwa imepata njia ya posta.

Kabla hatujaendelea, ni lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwenye sura ya huzuni. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, kwa kusudi la kuvunja vita vya Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati na sehemu za jirani walihamishwa kutoka mashamba yao, wakawekwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vyake vikizungukwa na handaki na miti iliyochongwa ncha. Amri ya kutotoka nje ilianza jua lilipotua. Aliyeonekana nje baada ya saa hiyo aliweza kupigwa risasi. Watu wale walikuwa majumbani kila usiku, mwanafunzi. Tena walikuwa pamoja, na meko yalikuwapo. Je, utaiita hali ile starehe ya nyumbani? Hapa ndipo ninapokukumbusha kile kitendawili. Nyumba isiyo na mlango yalifaa yai. Mtu akiwekwa ndani yake hupasuka moyo. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, na kutoka nje usiku, hata kwa jambo dogo kama kumwamkia jirani, kukawa tena haki ya mtu.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na mwanzoni ilionekana Nairobi na karibu yake. Kwa miaka mingi ilibaki kuwa kitu cha wachache. Mahali pasipo na umeme watu waliiendesha kwa betri ya gari, nayo betri ilipochoka ilibebwa mpaka sokoni ikajazwe nguvu. Katika mtaa au kijiji kimoja televisheni iliweza kuwa moja tu, na jioni ya "Vioja Mahakamani" au "Vitimbi" watoto wa majirani walijaa sakafuni, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Mzee Ojwang' na Mama Kayai walikuwa wageni wa nchi nzima kwa saa ile ile, na kesho yake asubuhi shule nzima ilikuwa na jambo moja la kusimulia. Mwenye nyumba aliyewafungia watoto mlango alipata jina baya mtaani.

Katika miaka ya 1980 kanda za video zikaenea, kisha zikafuata sahani za kumeta. Filamu iliyowatoa watu majumbani sasa iliwafuata huko huko. Majumba ya sinema ya mijini, yaliyokuwa yakijaa siku za mapumziko, yalianza kupungukiwa na watu. Mengi yalifungwa, na baadhi yakageuzwa kuwa makanisa, maduka na maghala. Hapo ndipo, pengine kwa mara ya kwanza katika historia yetu, watu wengi wa kawaida walipoweza kusema kwa ukweli, "Ninaweza kwenda, lakini leo sipendi, nitakaa nyumbani." Uchaguzi ule uliokuwa wa Barghash peke yake ukawa wa karani, wa mwalimu na wa fundi wa baiskeli.

Sasa tumefika kwenye zama zako. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi na ya bei nafuu kuliko ilivyokuwa. Simu ya mkononi ikawa gramafoni, redio, televisheni na sinema, vyote katika kiganja kimoja. Kisha yakaja majaribio. Mwezi Machi mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zilifungwa, na kuanzia tarehe 27 ya mwezi huo watu walikatazwa kuwa nje kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Saa zilibadilishwa mara kadhaa, lakini amri yenyewe ilidumu mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Itazame tarehe hiyo vizuri. Ni tarehe ile ile ambayo mwaka 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Sisemi kuwa amri hizo mbili zilifanana katika nia. Ya kwanza ilikuwa ya kuwatiisha watu, na ya pili ilitolewa kwa ajili ya kuzuia maradhi. Nasema tu kwamba siku ya Mashujaa, siku ambayo twawakumbuka wale waliofungiwa, ndiyo siku tuliyofunguliwa.

Wewe unayesoma maneno haya ulikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati ule, nawe ni shahidi. Kumbuka jinsi wiki za kwanza zilivyokuwa na ladha ya likizo, na jinsi ladha hiyo ilivyogeuka. Filamu zilikuwa zile zile, simu ilikuwa ile ile kwa aliyekuwa nayo, na mito ya viti haikupungua ulaini. Kilichopungua kilikuwa hiari. Wakati huo huo, nyumba nyingine zilipata kitu ambacho zilikuwa zimekipoteza. Baba aliyezoea kurudi usiku alionekana mezani mapema. Karata, drafti na bao vilitolewa vumbi. Na watoto waliuliza maswali ambayo hapakuwa na nafasi ya kuyauliza zamani. Nyumba nyingine zilipata ugomvi na njaa, na mlango uliofungwa ukamfungia mnyonge pamoja na aliyemdhulumu. Amri ilikuwa moja, nazo nyumba hazikuwa moja. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Basi tukusanye tuliyoyaona. Kukaa nyumbani kwa starehe ni jambo jema, nami siwaungi mkono wale wanaosema kuwa kijana asiyetoka ni mvivu au mwoga. Kunamwepusha mtu na gharama, na njia za hatari, na marafiki wasiomfaa. Lakini historia imetuonyesha mizani ya kulipimia jambo hili. Mizani ya kwanza ni mlango. Mwanamke aliyetawishwa na mwanakijiji wa mwaka 1954 walikaa, wala hawakuchagua kukaa. Ukiwa na uhuru wa kutoka, nao watu wengi waliulipia kwa thamani kubwa, usiuache ukafa kwa kutotumiwa. Nenda arusini, nenda mpirani, nenda ukamtazame mgonjwa. Mtu asiyetoka kamwe, hata kama hakuna aliyemkataza, amejijengea yai mwenyewe.

Mizani ya pili ni mwenzi. Moto, gramafoni, redio ya transista na televisheni ya betri ya gari vyote vilikuwa vichache, na uchache wake uliwaleta watu pamoja. Simu haikusanyi mtu kwa desturi yake. Imetengenezwa itazamwe na macho mawili. Leo katika sebule moja waweza kuwaona watu watano, kila mmoja akicheka kicheko chake, wala hakuna ajuaye mwenzake amechekeshwa na nini. Wote wamechagua kukaa nyumbani, lakini hakuna aliyekaa na mwenzake. Hili halikuwezekana wakati wa siwindhe, wala wakati wa santuri za Siti, wala wakati wa watoto kujazana dirishani. Ni jambo jipya kabisa katika historia ya starehe zetu, na kizazi chako ndicho kitakachoamua lielekee wapi.

Sikuambii uitupe simu. Ndani yake zimo hadithi nyingi kuliko zote alizozikusanya Steere, na huenda hata insha hii utaisoma humo. Ninakuomba jambo dogo tu. Likizo ijayo, jioni moja, watu wa nyumbani kwenu wakiwa wameinamisha vichwa kila mmoja pake, sema kwa sauti, "Kitendawili!" Kisha ngoja. Usiondoke, wala usiudhike wakikawia. Ngoja usikie ni nani atakayekuitikia, "Tega!"